Rivolva ya fremu kubwa ni nini, na kwa nini polisi wa Marekani waliibeba

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Fremu ndiyo kiunzi cha chuma kinachoshika vyote: mtutu mbele, silinda katikati, nyundo nyuma, kifyatulio na mpini chini. Wengi wakisikia "fremu kubwa" hufikiria mtutu mrefu. Sivyo. Mtutu unaweza kuwa wa inchi 4 au zaidi ya 8 na fremu ikawa ile ile. Kinachotazamwa ni upana wa dirisha linalokaa silinda na unene wa chuma kinacholizunguka.

Smith & Wesson, kampuni ya Marekani ya kutengeneza bunduki, hutaja saizi kwa herufi: J ndogo, K ya wastani, N kubwa. Silinda ya K ina kipenyo cha milimita 37 hivi, ya N karibu 43. Milimita sita si haba, maana ndani ya silinda mna matundu sita ya risasi, na kuta za matundu hayo ndizo zinazobeba presha ya baruti. Kwa Colt, kampuni nyingine ya bunduki ya huko huko, fremu kubwa ni New Service, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1898 na kubebwa na polisi wapanda farasi wa Kanada na polisi wa jimbo la New York.

Fremu ya N ilianza kwa risasi nene ya .44 Special (namba hizi hutaja upana wa risasi kwa inchi, kwa kukadiria), lakini polisi waliihitaji kwa sababu nyingine: magari. Risasi ya kawaida ya .38, yenye mwendo wa mita 260 hivi kwa sekunde, ilishindwa kupenya bati la magari ya wahalifu. Mwaka 1930 ikatoka rivolva ya fremu ya N iitwayo .38/44 Heavy Duty, pamoja na risasi yake: vipimo vile vile vya .38, ila baruti imeongezwa hadi mwendo ukafika mita 340 hivi. Fremu ya N iliistahimili bila shida. Hatari ilikuwa kwamba risasi hiyo iliingia pia katika rivolva ndogo za .38, ambazo hazikuundwa kwa presha ya namna hiyo.

Ndiyo maana .357 Magnum ya mwaka 1935 ina ganda refu zaidi kwa milimita 3 na kidogo: katika tundu la .38 haiingii hadi mwisho. Kinyume chake inawezekana, .38 hutumika ndani ya .357, lakini huacha pete ya masizi mbele ya tundu. Isiposuguliwa kwa brashi, ganda refu la Magnum hukwama.

Rivolva ya kwanza ya .357 alikabidhiwa J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Ilikuwa ya kuagizwa, na bei yake ya dola 60 ilikuwa mzigo kwa askari wa miaka ile ya mdororo wa uchumi. Kwa maoni yetu, rivolva ya fremu kubwa iliyokuwa ya askari hasa ni Highway Patrolman ya mwaka 1954, iliyopewa jina la Model 28 mwaka 1957. Ilikuwa na nguvu ile ile, chuma hakikung'arishwa, na bei ikashuka.

Uzito ndio ulioiangusha. Model 28 ya inchi 4 ina karibu kilo 1.2 kabla ya kujazwa, nayo ikaning'inia kiunoni zamu nzima. Tena mpini wake mnene uliwasumbua wenye mikono midogo, kidole hakikifikii kifyatulio vizuri. Mwaka 1955 ikaja .357 ya fremu ya K, nyepesi zaidi. Lakini sehemu ya chini ya kitako cha mtutu wake ilikuwa imechongwa bapa ili silinda ifunge, na risasi nyepesi za kasi kubwa zilipasua hapo hapo. Ya N haina udhaifu huo.

Udhaifu wa N uko katika uzito wa silinda. Ikizungushwa kwa kasi kisha kusimamishwa ghafla na kijipini kidogo, pengo linalopokea kijipini hupondeka na kupanuka.

Ukipewa ya zamani uikague, fungua silinda kwanza na uhakikishe matundu yote sita ni matupu. Ifunge, gusa silinda kidogo kwa kidole kama breki, kisha vuta nyundo polepole. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijanasa, au kwa pamoja nayo. Nyundo ikinasa kwanza na silinda ikangoja kusukumwa, kijimkono kinachoizungusha kimelika. Rudia kwa matundu yote sita, kwa kuwa kila pengo huchakaa kivyake. Nyundo ikiwa imenasa, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mara nyingi kuna mtu aliyepiga tupa ndani ili kulainisha kifyatulio, na hiyo isitiwe risasi kabisa mpaka fundi bunduki aitengeneze. Mwisho pima nafasi kati ya silinda na mtutu. Milimita 0.1 hadi 0.2 ni sawa. Ikizidi 0.25, gesi moto na vipande vya risasi hutoka ubavuni kwa wingi zaidi na vinaweza kumpata aliyesimama kando.