Mtoto Aliyeketi Chini ya Mti Yuko Kazini

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu picha za chapa, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kutoka bamba lililochorwa, za Ulaya ya karne ya 19 zinazoonyesha watoto wa mashambani ni kwamba mtoto aliyeketi chini ya mti, fimbo mkononi na kondoo wametawanyika mbele yake, anapumzika. Aliyechunga mbuzi Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, utotoni hadanganyiki kirahisi hivyo, kwa kuwa anajua kwamba mchungaji huketi pale anapoweza kuliona kundi lote, na kwamba mbuzi mmoja akiingia katika shamba la uwele la jirani, jioni kuna kesi ya kujibu. Basi kabla ya kusema kwamba picha inasifu utoto usio na shida, ni vyema kutazama macho ya mtoto yanaelekea wapi, fimbo ameishikaje, na kama miguuni ana viatu.

Hudhaniwa pia kwamba wachoraji wa picha hizo walikuwa watu wa mjini waliokwenda kushangaa mashamba. Wapo waliokuwa hivyo. Lakini Jean-François Millet, aliyezaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima huko Normandie, Ufaransa, alilima kabla ya kuwa msanii. Katika chapa yake ya mwaka 1861, La Bouillie, yaani Uji, mama anapuliza kijiko kabla ya kumlisha mtoto aliyempakata, na hilo Mgogo wa Dodoma hahitaji kufasiriwa.

Kosa linalowapotosha hata watazamaji makini linatokana na kutojua chapa yenyewe inavyotengenezwa. Mtu huona fimbo imeshikwa kwa mkono wa kushoto, akaanza kuitafutia maana. Ukweli ni kwamba msanii hupaka nta juu ya bamba la shaba, huchora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha huliweka bamba katika asidi, nayo huchimba mistari iliyo wazi. Bamba likishatiwa wino, likafutwa na kugandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu, picha hutoka kulia kukiwa kushoto, isipokuwa kama alichora kinyume tangu mwanzo. Vivyo hivyo, weusi wa anga si lazima uwe huzuni: mstari uliokaa zaidi katika asidi huchimbika zaidi na kushika wino mwingi, na wingu jeusi, ambalo Dodoma ya mwezi Desemba lingepokewa kwa shangwe, laweza kuwa mvua tu.