Ushabiki: kwa nini mchezo mmoja hupendwa na mwingine hukataliwa

Neno ushabiki hubeba maana mbili katika michezo, na mara nyingi watu huzichanganya. Kuna ushabiki wa timu, ambao humfanya mfanyabiashara wa Mwanjelwa afunge duka mapema siku Simba na Yanga zinapokutana. Na kuna ushabiki wa mchezo wenyewe, ambao humfanya mtu akeshe akitazama timu mbili za nchi ya mbali asizozijua hata wachezaji wake. Nje ya michezo neno hili limepata sura mbaya, kwa kuwa ukimwambia mtu kwenye mjadala wa siasa "acha ushabiki" unamaanisha kwamba amechagua upande kabla ya kupima hoja. Maana hiyo ya kuchagua kabla ya kupima inafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyoamua kwamba mchezo fulani ni mtamu na mwingine hauna maana.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mpira wa miguu unapendwa kwa kuwa ni mzuri kuliko michezo mingine. Sikubaliani nalo. Kitu cha kwanza kinachomfanya mtu aupende mchezo ni kuweza kuusoma, yaani kuona tukio na kulitambua maana yake papo hapo bila kuelezwa. Jumamosi moja nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Mbeya tukisubiri mechi ya jioni, na mwenye kibanda alipokuwa akihangaika na chaneli ikatokea kriketi. Kijana aliyekaa benchi la mbele, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa ametueleza kwa ufasaha kwa nini bao moja la mechi iliyotangulia lilikuwa la kuotea, akauliza wale watu waliovaa nguo nyeupe wamesimama wanangoja nini. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamjibu: "Hawajasimama, mwanangu. Wanamtegea yule mwenye gongo akosee." Kijana akatazama kidogo, kisha akaomba chaneli ibadilishwe.

Kijana yule hakuwa na tatizo la akili wala la subira. Sheria ya kuotea ni ngumu, nayo humtaka mtazamaji aangalie kwa wakati mmoja mpira unapotoka, beki wa mwisho alipo na mshambuliaji aliposimama, lakini yeye aliifahamu pasipo kukumbuka siku aliyojifunza. Kriketi kwake ilikuwa kama lugha asiyoijua: anasikia sauti, hasikii neno.

Usomaji huo hujengwa utotoni, tena kwa miguu kabla ya macho. Huko Rungwe, watoto wameufunga mpira kwa majani makavu ya migomba na kuukaza kwa kamba za mgomba uleule, na mjini hutumia matambara yaliyoshindiliwa ndani ya soksi kuukuu. Ndala mbili huwa goli, uchochoro huwa uwanja, na chandimu inaanza. Mchezo uliowekewa sheria zake jijini London mwaka 1863 ulienea duniani kwa sababu, pamoja na meli na shule za wakoloni, unaweza kuchezwa na mtu asiye na chochote. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila kupata faida yoyote kutoka kwacho, kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi. Mtoto anayekutana na mpira kila jioni na asiyekutana na gongo la kriketi hata mara moja hajawahi kuchagua kati ya viwili hivyo, amepewa kimoja.

Hata hivyo, kuucheza mchezo peke yake hakutoshi, na hapa ndipo maelezo ya kawaida yanapokwama. Wasichana wengi wa shule zetu wamecheza mpira wa pete, wanazijua sheria zake, na wengine waliiwakilisha shule mpaka ngazi ya mkoa. Lakini wakishamaliza shule, ni wachache wanaoendelea kuufuatilia. Kwa upande mwingine, mbio za magari zinapofika Iringa, watu hujipanga kando ya barabara za vumbi, wengine wamebeba watoto mgongoni, kutazama mchezo ambao hawajawahi kuucheza na ambao gari lake moja lina thamani wasiyoitarajia kuishika maishani. Nadhani tofauti iko kwenye mazungumzo. Mbio za magari humwachia aliyezitazama simulizi: nani alipinduka kwenye kona, nani alikimbiza gari lililokwisha kupata hitilafu. Mpira wa pete huchezwa vizuri, kisha unanyamaziwa. Hautangazwi redioni kila wiki, hauna msimamo wa ligi unaobishaniwa kijiweni, hauna Jumatatu yake. Mpira wa miguu nchini ulikuzwa sana na Radio Tanzania, ambapo watu waliokuwa mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam waliiona mechi kwa masikio na kesho yake wakaisimulia upya kana kwamba walikuwapo. Mchezo usiozungumzwa hauwezi kuwa na mashabiki, hata ukiwa na wachezaji.

Jambo jingine ni uhusiano wa mchezo na mahali. Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, mji mdogo wenye mvua nyingi na migomba uliziacha nyuma timu za Dar es Salaam, na jina la Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, hutajwa mpaka leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Mbeya City nayo ilipanda ligi kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba; msimu ule Uwanja wa Sokoine ulijaa rangi ya zambarau, na miongoni mwa waliovaa jezi walikuwamo watu ambao awali hawakujali mpira. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1976 kuhusu wanafunzi wa vyuo vya Marekani, waliona kwamba wanafunzi walivaa zaidi nguo zenye alama za chuo chao siku ya Jumatatu baada ya timu kushinda, na kwamba walisema "tumeshinda" lakini "wamefungwa". Asiyeamini na apite kijiweni asubuhi baada ya mechi na kusikiliza viambishi tu.

Ushindi unaweza hata kuhamisha mapenzi ya taifa zima. India ilitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mpira wa magongo (hoki) mara sita mfululizo kuanzia 1928 hadi 1956, na mchezo huo ukawa fahari yake kuu. Baada ya nchi hiyo kuishinda West Indies kwenye fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 1983, wakati televisheni ilipokuwa ikiingia majumbani, kriketi ndiyo iliyoshika mioyo.

Umbo la mchezo lina nafasi yake pia, ingawa ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Katika Kombe la Dunia la 2022 yalifungwa mabao 172 katika mechi 64, yaani chini ya matatu kwa mechi, na uchache huo ndio unaoiwezesha timu dhaifu kujilinda kwa saa moja na nusu na kuondoka na ushindi. Anayependa mpira wa kikapu huona mechi isiyo na bao kuwa njaa. Anayependa kandanda huona vikapu themanini kuwa mabao yasiyo na thamani. Kila mmoja anapima kwa kibaba alichokizoea.

Kuhusu kuuchukia mchezo, natofautisha chuki ya asiyeelewa na chuki ya aliyefungiwa mlango. Ya kwanza ni ya yule kijana wa kibandani, na jirani mvumilivu anaweza kuiondoa kwa mwezi mmoja. Ya pili ni nzito zaidi. Mufindi kuna uwanja wa gofu katikati ya mashamba ya chai, na ukimwuliza mchumaji kuhusu mchezo huo usishangae akikuambia ni wa mabosi. Hasemi ubaya wa gofu. Anakueleza nani alialikwa na nani hakualikwa. Vivyo hivyo, mwanamume anayesema mpira wa wanawake haumvutii huenda hajatazama mechi moja hadi mwisho, kwa kuwa alishaamua unawahusu watu wengine. Chuki ya namna hii haiondolewi kwa kueleza sheria.

Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, kwa hiyo pale kibandani tuliona marudio jioni yake. Yule kijana wa benchi la mbele, ambaye sijawahi kumsikia akitaja riadha, alisimama mita mia za mwisho ingawa matokeo alikuwa anayajua tangu asubuhi, na video ilipokwisha akamwomba mwenye kibanda airudishe nyuma, akageuka kumwuliza mzee ni kwa nini Simbu alikaa nyuma muda wote ule.