Ukikabidhiwa hela za darasa chuoni, ujue kazi imeshaanza

Mimi nasimamia wanafunzi wakienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, hapa Moshi, na kila mwaka swali ni hilohilo: mwalimu, GPA (wastani wa alama) ya ngapi ndo inapata kazi? Naelewa kwanini wanauliza, mzazi kauza ng'ombe huko nyumbani na bodi ya mikopo nayo itakuja kukata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. GPA inakufikisha kwenye intavyuu, sawa, ila ukishaanza kazi watu wanaangalia unaaminika kiasi gani.

Sasa chukulia CR, yaani mwakilishi wa darasa. Darasa la watu mia mbili, kila mtu anatuma buku ya kutoa kopi za hendauti, hela zote zinaingia kwenye simu yake. Akiweka kwenye grupu la WhatsApp majina ya waliolipa, picha ya risiti ya steshenari na chenji iliyobaki, bila kuombwa na mtu, huyo keshaanza kazi ya uhasibu. Akikaa kimya wiki mbili maneno yanaanza, na kuyatuliza maneno ya wenzako, watu ambao huwezi kumfukuza wala kumkata mshahara hata mmoja, ni kugumu kuliko kuongoza ukiwa bosi, nasema kabisa.

Nyerere alienda Makerere kusomea ualimu, lakini hukohuko miaka ya 1940 yeye na wenzake wakaanzisha umoja wa wanafunzi wa Tanganyika. Mwaka 1953 akachaguliwa kuongoza TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, mwaka uliofuata kikageuka chama cha siasa, ikazaliwa TANU. Vikao alikuwa kashavizoea zamani.

Halafu kuna fildi, na hapa wanafunzi wanaopangiwa Kilimanjaro wana bahati ambayo wengi hawaioni, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933, Chuo cha Ushirika kilianza 1963 na sasa ni chuo kikuu kamili, yaani ushirika uko mlangoni kwako. Ukipangiwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, msimu wa kahawa usikae ofisini unasubiri logibuku igongwe muhuri, nenda kasimame kwenye mizani. Mzee analeta kahawa ya maganda, anaangalia mshale, anakuangalia na wewe, anauliza, "Mwanangu, malipo ya pili lini?" Hapo inabidi umweleze kwamba inategemea kahawa imeuzwa bei gani mnadani na makato yakoje, umweleze aelewe, kwa heshima, na usimuahidi tarehe ambayo hujaambiwa. Ukilimudu hilo hata kikao cha bodi hakitakutisha.

Kwenye sivii usiandike tu "nilikuwa CR", andika ulishika shilingi ngapi, za watu wangapi, na hesabu uliwasomea lini. Wa mwaka wa kwanza, CR huwa anachaguliwa wiki za mwanzo mwanzo kwahiyo nyoosha mkono mapema, ukikosa kaulizie utunza hazina wa umoja wa mkoa wenu, hiyo nafasi mara nyingi haina anayeitaka.