Waranti ya matairi Marekani: uliza inalipa nini kabla hujatoa kadi

Costco, Sam's Club na maduka mengine makubwa ya uanachama huuza matairi kwa bei nafuu, na Waswahili wengi wanaoanza maisha Marekani hununua huko. Hawajakosea. Malalamiko tunayoyapokea kwenye dawati letu la elimu kwa walaji huja baadaye: tairi limegonga shimo, limepasuka ubavuni, mwenye gari amerudi dukani akitarajia jipya bure, na duka linampa sehemu tu ya pesa. Anaona ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, ila hakuna aliyemweleza.

Tairi moja huwa na ahadi zaidi ya moja. Mtengenezaji anawajibika kwa kasoro za kiwandani, na huenda pia akaahidi umbali, tuseme maili 60,000. Shimo na msumari hayamhusu. Hayo hulipiwa na waranti ya ajali za barabarani, ambayo duka ama limeiingiza kwenye bei au linaiuza kando. Hakikisha kwenye risiti ni ipi uliyopata.

Pancha ndogo katikati ya kashata (sehemu yenye michirizo inayogusa barabara) huzibwa, kwa kawaida bila malipo. Tundu linalozidi robo inchi, au lililo ubavuni, halizibwi kwa usalama, na fundi akikataa kuliziba usigombane naye. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Chukua tairi la dola 160 ambalo likiwa jipya lilikuwa na kina cha kashata cha 10/32 ya inchi. Likifika 2/32 ni kipara, limekwisha. Basi ulichonunua hasa ni 8/32 za matumizi. Likipasuka wakati limebakiza 6/32, umeshatumia 4/32, yaani nusu ya hizo 8/32, na utarudishiwa kama dola 80. "Waranti ya miaka mitano" haimaanishi tairi jipya bure kwa miaka mitano.

Ahadi ya maili nayo ina sharti ambalo watu hulisahau: matairi yahamishwe nafasi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila baada ya maili 5,000 hadi 8,000 hivi, na uwe na karatasi za kuthibitisha. Kama duka lako linafanya kazi hiyo bure, nenda. Mimi ningeziweka karatasi zote kwenye bahasha moja ndani ya gari, kwa sababu wanaokosa fidia hii wengi wao hukosa ushahidi tu. Matairi yaliyolika upande mmoja kwa upepo mdogo au alaimenti mbovu (magurudumu yasiyonyooka sawasawa) hayalipwi.

Sheria iko upande wako pia. Chini ya sheria ya shirikisho ya waranti ya mwaka 1975, duka linatakiwa kukuonyesha maandishi ya waranti kabla hujanunua. Omba uyasome, hata kama foleni ni ndefu.

Jambo la mwisho linahusu uhai. Mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliyaita matairi takribani milioni 6.5 yarudishwe, baada ya ajali zilizoua watu wengi. Mtengenezaji anaweza kukutafuta iwapo tu namba ya DOT, yaani namba ya utambulisho wa tairi iliyo ubavuni mwake, imesajiliwa kwa jina na anwani yako. Mwulize mhudumu kama ameshaisajili. Kama bado, omba fomu uijaze hapohapo kaunta.