Kambare wa maji laini: pH baadaye, anza na KH

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "pH (kipimo cha asidi ya maji) ya kambare wa tangi la kioo iwe ngapi?" na mimi kila mara narudisha swali, KH yako ngapi, yaani ile akiba ya kabonati inayozuia pH isiporomoke? Hapo mtu ananyamaza. Kwa hiyo leo nimalize hii ishu.

Kambare wadogo tunaowafuga, yaani Corydoras, Otocinclus na pleko wengi, kwao ni mito ya Amerika Kusini, Amazon na Orinoco na vijito vyake, na kule mvua inapita kwenye udongo ulioshaoshwa miaka na miaka mpaka madini yameisha, ndo maana maji ni laini. Rio Negro ndo imepitiliza kabisa, maji rangi ya strungi kwa sababu ya majani kuoza, pH 4 hadi 5 hivi na kalsiamu karibu hakuna. (Mwaka 2024 wanasayansi waliigawa jenasi ya Corydoras, wengi wakapelekwa Hoplisoma na kwingine, ila mimi bado nawaita kori, nimeshazeeka na hilo jina.)

Sasa usikimbilie kutengeneza Rio Negro sebuleni. Kori wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji na maji ya kawaida wameshayazoea. Mimi nawaweka GH (ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu) digrii 3 mpaka 8, KH digrii 2 mpaka 4, pH yoyote kati ya 6.4 na 7.2 ilimradi haichezi, nitrati isizidi 20 mg/L.

Hiyo KH isishuke chini ya 2, na nitasema kwa nini maana mwenyewe nilijifunza kwa machungu. KH ni akiba ya kabonati ndani ya maji. Bakteria wa kwenye filta wakibadilisha amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitrati wanatoa asidi, asidi inakula ile akiba kidogo kidogo, siku ikiisha pH inaporomoka, na ikishafika chini ya 6 bakteria wenyewe karibu wanagoma kazi. Amonia inaanza kujaa lakini samaki anaonekana mzima, kwa sababu kwenye asidi karibu yote iko kwenye umbo la amonium ambalo halina sumu kali. Mimi nikaliona tangi liko poa tu, sipimi, nikaja kubadilisha nusu ya maji kwa mkupuo mmoja na maji ya bomba yenye pH karibu 8. Kila pH ikipanda namba moja ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi, fanya hesabu mwenyewe. Kufika asubuhi kori saba chali, na nilikuwa nawasafishia nyumba! Tangu siku hiyo ni robo ya maji kila wiki, siruki, na klorini naiua kwanza.

Kama maji yako ni magumu, dawa za kushusha pH achana nazo. KH inazimeza, kesho pH imerudi palepale, unaongeza tena, na samaki anateseka na kupanda na kushuka kuliko hata angeachwa kwenye 7.8 iliyotulia. Changanya. Maji ya bomba yenye GH 12 na KH 8, ukiweka nusu kwa nusu na maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka madini karibu yote yametoka) au ya mvua safi, unapata 6 na 4, kazi imeisha. Majani makavu ya mti wa mkungu (Terminalia catappa) na magogo yanasaidia rangi na asidi kidogo, ila KH ikiwa juu hayafui dafu. Na ile mashine ya nyumbani ya kulainisha maji kwa chumvi isikudanganye, inatoa kalsiamu inaweka sodiamu, sabuni inatoa povu vizuri lakini kwa samaki hayo sio maji laini.

Joto nalo usiwajumlishe. Kori wengi digrii 23 mpaka 26 inatosha, kori aina ya paleatus anapenda baridi zaidi, kori aina ya sterbai anavumilia 28, na pleko zebra wa mto Xingu anataka 28 mpaka 30 na hewa nyingi, so usimchanganye na paleatus. Ukiona kori anachomoka juu anameza hewa usishtuke, anapumulia utumbo, ndivyo alivyoumbwa. Ila wakipanda wote kila dakika, hewa imepungua, ongeza pampu. Na Synodontis (kambare mwingine) wa Ziwa Tanganyika hayumo kabisa kwenye hii habari, yule anataka maji magumu.

Ukitaka watage, walishe vizuri wiki mbili tatu halafu badilisha robo mpaka theluthi kwa maji laini yaliyo baridi kwa digrii 2 au 3, wao wanadhani masika yameingia. Mara nyingi asubuhi unakuta mayai kwenye kioo, na hapo uyawahi kuyatoa maana wazazi wenyewe wanayala.