Chembe sahani zikipungua, nani huuambia uboho uongeze?

Mama mmoja wa Mikindani alifika dirishani kwetu maabara na karatasi ya majibu, kidole kakiweka kwenye mstari ulioandikwa PLT: 88. "Mwanangu, damu imeniisha? Nimekunywa rozela wiki nzima." Nikamwonyesha mstari wa juu: hemoglobini 12.4. "Hapana mama, damu unayo. Zilizopungua ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda ukijikata, na hizo ni kitu kingine."

Ile 88 maana yake ni chembe 88,000 katika mikrolita moja ya damu. Kawaida mtu mzima huwa na 150,000 hadi 450,000. Tukipaka damu kwenye kioo na kuitia rangi ya Giemsa, ileile ya kutafutia malaria, chembe sahani huonekana kama vumbi la zambarau katikati ya chembe nyekundu. Si seli kamili. Ni vipande vilivyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ziitwazo megakariyosaiti, na kila kipande huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo mwili hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku.

Anayeusukuma uboho ufanye kazi hiyo ni homoni iitwayo thrombopoyetini. Jina lake lilikuwepo tangu 1958, lakini homoni yenyewe haikupatikana hadi 1994. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ini, na ini hutoa karibu kiasi kilekile siku zote. Sasa uboho unajuaje kwamba kuna upungufu?

Mfikirie muuza samaki anayetoka feri asubuhi na baiskeli, tenga ni lilelile kila siku. Nyumba za njiani zikiwa na watu wengi, kila mmoja anachukua fungu lake, na nyumba ya mwisho inapata dagaa wachache. Siku watu wa njiani wamesafiri, tenga linafika karibu zima. Chembe sahani ndizo nyumba za njiani: huinasa homoni na kuimeza. Zikiwa nyingi, inayofika kwenye uboho ni kidogo. Zikipungua, homoni hubaki nyingi kwenye damu, inaufikia uboho, na megakariyosaiti huongezeka na kukomaa. Mimi huu utaratibu bado unanistaajabisha, maana chembe zenyewe ndizo kipimo cha wingi wao.

Lakini ini nalo husikia. Chembe zilizozeeka hupoteza sukari fulani kwenye ngozi yake, ini huzikamata, na kule kuzikamata huliamsha litoe homoni zaidi. Mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, interleukini-6, protini ambayo kinga ya mwili huitoa kama ujumbe, pia hulichochea ini, ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kukutwa na chembe nyingi kupita kiasi. Upungufu wa madini ya chuma nao mara nyingi huzipandisha. Yaani mtu anaweza kuwa na damu kidogo na chembe sahani nyingi kwa wakati mmoja!

Ini likisinyaa kwa ugonjwa, homoni hupungua, na bandama iliyovimba huzificha chembe nyingi kuliko theluthi moja ambayo huzihifadhi siku zote. Malaria huzipunguza kwa haraka, na malaria ndiyo iliyokutwa kwa yule mama. Alimaliza dozi, na wiki iliyofuata PLT ilisoma 214. Hakuhitaji dawa ya kuongeza chembe. Dawa hizo zipo, kama romiplostim na eltrombopag zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2008. Hubisha mlango uleule wa homoni, ila ni za magonjwa maalumu na huandikwa na daktari bingwa.

Jambo moja la maabara: wapo watu ambao chembe zao hugandana ndani ya chupa ya kuchukulia damu yenye kifuniko cha zambarau, mashine ikasoma chache wakati mwilini zimejaa. Namba ikishuka ghafla na mtu haumwi, omba iangaliwe kwa hadubini kabla ya kuogopa.

Ukiambiwa chembe zimepungua, usinunue aspirini wala diklofenaki dukani. Aspirini huilemaza chembe mpaka inapokufa, kwa kuwa haina kiini cha kujitengenezea upya kilichoharibiwa. Na ukiona vidoti vyekundu miguuni visivyofutika kwa kubonyeza, fizi zinavuja, hedhi haikatiki au choo ni cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.