Hawala, hawara na barua yangu ya sifa

Ukiandika "nimepokea hawara kutoka Dodoma" wakati ulikusudia hawala, ofisi itacheka na yataisha. Kwa Kiingereza mimi sikupata bahati ya kuchekwa. Nilipoanza kazi ya ufasiri hapa Dar, mama mmoja aliniomba nimwandikie barua ya kuombea kazi. Nikausifu utumishi wake kuwa meretricious. Nilitaka meritorious, uliotukuka. Nilichoandika ni kitu kinachong'aa nje, ndani kitupu. Kompyuta haikupiga mstari mwekundu, kwa sababu maneno yote mawili inayajua.

Yote mawili yana asili moja, kitenzi cha Kilatini merere, kuchuma au kustahili. Moja likachuma heshima. Jingine likapitia kwa meretrix, yaani kahaba, mwenye kuchuma kwa mwili wake. Kumbe hawara nilishamwingiza kwenye barua ya mama wa watu.

Herufi moja inatosha kuleta balaa. Venial limetoka kwa venia, msamaha. Wakatoliki watalikumbuka kwenye dhambi ndogo. Venal asili yake ni venum, uuzaji, nalo humwelezea mtu anayenunulika, mla rushwa. Idondoshe hiyo i katika ripoti kuhusu kosa dogo la ofisa fulani, kisha usubiri barua ya wakili.

Wanafunzi wangu huwanasa noisome. Wanaona noise mle ndani, wanalipeleka moja kwa moja kwenye baa za Sinza. Halina kelele hata chembe! Ni ndugu wa annoy, kuudhi, na siku hizi husemwa zaidi kuhusu uvundo unaotia kichefuchefu. Mtaro ulioziba Kariakoo, mvua imekatika na jua limewaka: hapo ndipo pake.

Turbid ni maji ya Msimbazi yakifurika Jangwani, yamevurugika kwa tope. Turgid ni kuvimba, na maandishi nayo huvimba, hasa hotuba. Ingenious, mbunifu, na ingenuous, mnyofu asiye na hila, hata Waingereza wenyewe waliyachanganya katika karne ya 17, kwa hiyo hapo siwalaumu sana wanafunzi.

Yule mama nilimpigia simu usiku uleule, nikaanza na shikamoo ndefu. Barua ilikuwa bado kwenye mkoba wake. Alfajiri nikadandia daladala la Mbagala kuifuata.